Redio Iliyoishia Tisini

Mwaka ule nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilimtoa mama nyumbani kwetu Iguhu, nikampeleka mjini Kakamega kwenye mashine ya kusafisha damu, nikamngoja kwa muda wa saa nne, kisha nikamrudisha. Siku zilizobaki nilishona. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni, na mwaka ule wateja walizoea kukuta kufuli mlangoni. Wengine walianza kuniambia, kwa upole wenye sindano ndani, kwamba sare za shule haziwezi kungoja mpaka watoto wamalize shule. Mara moja moja nilijibu vizuri. Mara nyingi sikujibu kabisa.

Tumezaliwa watatu, na kaka yangu na dada yangu wako Nairobi. Sisemi hawakumpenda mama. Walimpenda sana, ila walimpenda kwa simu. Asubuhi za Jumatatu na Alhamisi simu yangu ilijaa mioyo na mikono iliyounganishwa ya maombi, na kaka aliandika kila mara kwamba tuhakikishe mama anakunywa maji kidogo tu. Nilisoma nikiwa nimeshika chupa ya maji kwa mkono mmoja na ufunguo wa gari kwa mwingine, na nikatamani kumjibu maneno ambayo mtu hamwandikii kaka yake mkubwa.

Gari lilikuwa la baba. Alilinunua alipoacha kuendesha trekta za miwa huko Mumias, gari dogo jeupe lililokuwa limeshatumika miaka mingi Japani kabla ya kutufikia. Likiwashwa tu, mwanamke wa Kijapani husema maneno kutoka mahali fulani chini ya dashibodi. Hatukuwahi kujua anasema nini, wala namna ya kumnyamazisha. Baba alimwita mke wa pili. Baba alipofariki, mama akaanza kumwitikia. Alifunga mkanda, akangoja yule mwanamke amalize, kisha akasema kwa adabu zote, "Mulembe, mama," kama anavyomsalimia mtu yeyote wa kwetu. Ndipo tukaondoka.

Mwanzoni mama alizungumza njiani. Alinionyesha mashamba ya watu, nani amepalilia na nani ameacha mahindi yake yamezwe na nyasi. Kadiri miezi ilivyokwenda maneno yakapungua. Asubuhi moja, tukiwa tumeshaingia barabara kuu inayotoka Kisumu, akasema bila kugeuka, "Kukhu, hii njia imekuwa mrefu."

Ananiita kukhu, yaani bibi, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Akiwa amekasirika hutumia jina langu lenyewe.

"Njia ni ileile, mama."

"Najua ni ileile. Imekuwa mrefu. Niwekee nyimbo zetu, zile za kina mama. Nikisikia hizo naweza kwenda."

Nilimwambia nitaziweka. Nilisema haraka, namna mtu anavyomwahidi mgonjwa jambo lolote ili afumbe macho apumzike. Sikujua kwamba nimejifunga.

Nyimbo zenyewe zilirekodiwa zamani, mimi nikiwa bado shuleni. Kina mama wa kanisa letu walimleta mtu mwenye mashine ya kurekodi, wakasimama nje ya kanisa na kayamba zao, wakaimba mchana kutwa, na jogoo aliyewika kabla ya wimbo wa kwanza akarekodiwa pamoja nao. Mama ndiye aliyekuwa akitoa wimbo na wenzake wakipokea. Kanda ile ilipigwa nyumbani mpaka ikaanza kulia kama mtoto mwenye mafua, ndipo dada yangu akaichukua Nairobi. Huko akapata mtu wa kuzihamisha nyimbo na kuzitia kwenye kichezeshi kidogo cha muziki, kitu cha ukubwa wa kiberiti chenye kioo na vitufe vitatu. Akanitumia kwa kifurushi pamoja na vidude vya kutia masikioni.

Vidude vile mama alivikataa siku ya kwanza. "Mimi nasikianga na sikio moja," alisema. "Hilo moja nikilifunga na waya, wewe ukiniita nitasikia na nini?" Nikajaribu simu yangu. Injini ilimeza sauti yote, kikabaki kitu kama nyuki ndani ya chupa. Ilibidi nyimbo zitoke kwenye redio ya gari.

Redio yenyewe haikuwa na tundu la kuchomeka waya wowote. Ilikuwa na mdomo wa kanda tu, na ndani ya mdomo huo mlikwama kanda ya baba tangu akiwa hai, kwa hiyo kanda ya bandia yenye mkia wa waya wa kuunganisha na kichezeshi, ambayo dada alinitumia kwanza, haikuweza kuingia. Nilichokoa kwa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi mpaka ncha ikavunjika. Ndipo dada akatuma modyuleta. Ni kijidude kinachochomekwa pale pa kuwashia sigara. Unakiunganisha na kichezeshi kwa waya, unakichagulia namba, na chenyewe kinageuka kituo kidogo cha redio ambacho mawimbi yake hayaendi mbali kuliko hatua chache. Kisha unaitafuta namba hiyohiyo kwenye redio ya gari na muziki unasikika. Karatasi iliyokuja nacho ilisema hivyo, na dada akanieleza tena kwenye simu, polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Nikaweka themanini na nane nukta moja kwenye kijidude. Nikaweka themanini na nane nukta moja kwenye redio. Ikatoka sauti ya mafuta yakikaanga. Nikahamisha zote mbili, themanini na tisa na themanini na tisa. Mafuta. Redio yetu ilikuwa ya Japani na namba zake ziliishia tisini, kwa hiyo hapakuwa na nafasi kubwa ya kutangatanga. Wiki baada ya wiki, kila tulipokuwa tukiondoka, nilibonyeza na kuzungusha huku mama akitazama mbele na mkoba wake mapajani.

"Imekataa?" aliuliza.

"Bado kidogo."

Bado kidogo hiyo ilidumu karibu miezi miwili. Nilikuwa na hasira na kijidude, na dada, na Japani. Sikuwa na wasaa wa kutafuta fundi, maana saa zile za kungoja ndizo nilizotumia kupinda mapindo ya sare kwa mkono kwenye benchi la hospitali. Mama akaacha kuuliza. Baadaye akaacha kumwitikia yule mwanamke wa Kijapani. Niliona, nikaendelea kuzungusha namba.

Alhamisi moja nilimkuta ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa ameshavaa, kitambaa kichwani, viatu miguuni, mkoba mapajani. Nikampa mkono asimame. Hakuushika.

"Leo siendi," alisema.

"Kuna mahali panauma?"

"Hakuna. Nimechoka kwenda. Nikienda wananifunga kwa waya, nikirudi nalala, nikiamka ni siku ya kwenda. Wacha nikae kwangu."

Daktari alikuwa ametueleza mapema, bila kuzunguka, kwamba mama bila mashine ana majuma machache. Nililijua hilo. Mama alilijua pia. Na kwa kuwa sioni faida ya kuficha sasa, nitasema kilichonipata pale mlangoni. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hofu. Nilishusha pumzi. Nikaona kibanda changu kikiwa wazi siku nzima, nikaona cherehani, nikajiona nimelala mpaka jua lipande. Ilikuwa pumzi moja tu. Hofu ilikuja baada yake, na nyuma ya hofu ikaja aibu, na aibu hiyo haijaondoka yote hadi leo.

Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikampigia kaka ili ambembeleze yeye. Mama alimsikiliza kaka mpaka mwisho, akamshukuru, akanirudishia simu. Hakuinuka.

Kufikia Jumapili miguu yake ilikuwa imejaa maji na hakuweza kulala chali. Alikaa usiku na mchana akiegemea mito mitatu, akihema. Jumatatu asubuhi aliniita mwenyewe.

"Twende," alisema. "Naenda kwa sababu ya hizi miguu. Lakini hii ndio ya mwisho. Nakuambia mapema, usije ukasema sikukuambia."

Nikamwingiza garini. Nikawasha. Mwanamke wa Kijapani akasema yake, mama akaangalia dirishani. Safari nzima sikugusa redio.

Wauguzi walimpokea na kunigombeza kidogo kwa siku aliyokosa, nami nikakubali kugombezwa. Alipounganishwa na mashine na kufumba macho, nikatoka nje mpaka gari lilipoegeshwa. Sikuwa na mpango wowote. Sare zilikuwa kwenye kiti cha nyuma na sikuzigusa. Nikawasha kichezeshi, nikachomeka modyuleta, themanini na nane nukta moja, nikasikiliza mafuta yakikaanga mpaka machozi yakaanza kunitoka. Nilikuwa nalilia redio, au ndivyo nilivyojiambia.

Ndipo nikasikia jogoo.

Alikuwa mbali kidogo, upande wa kulia, na baada yake zikaja kayamba. Nikageuka. Pembeni yangu palikuwa na gari jipya kuliko letu, kioo chake kimeshushwa, na ndani yake mwanamume mmoja wa makamo ameketi akingoja mgonjwa wake kama mimi. Sauti ilitoka kwake. Ilikuwa sauti ya mama. Mama wa zamani, mwenye kifua kizima, akitoa wimbo uwanjani.

Nilishuka bila kufunga mlango. Yule mwanamume aliponiona nimesimama dirishani pake na machozi usoni, nadhani aliogopa.

"Pole, madam," alisema. "Nilikuwa natafuta habari, hii redio ikasimama hapa yenyewe. Ni kituo gani hiki? Hawa wamama wanaimba."

Nikaangalia redio yake. Kioo chake kilisema themanini na nane nukta moja.

"Ni mama yangu," nikamwambia. "Anatoka kwa gari langu."

Aliangalia gari langu, akaniangalia mimi, akasema tena pole. Nikarudi nikazima kichezeshi, na redio yake ikaanza kukaanga mafuta. Nikawasha, mama akaimba. Kijidude hakikuwa na kosa lolote. Kwa miezi miwili nilikuwa nikimrusha mama yangu barabarani, watu wa Khayega na wa mjini wakipishana naye ndani ya magari yao bila kumjua, na ndani ya gari letu peke yake hakuingia.

Zilikuwa zimebaki saa tatu kabla mama hajafunguliwa. Nikaendesha hadi kwa fundi wa redio za magari nyuma ya stendi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamweleza kila kitu, hata yule mwanamume na gari lake. Hakuonekana kushangaa. Akainama chini ya dashibodi na tochi, akapapasa, akavuta kidogo kitu cheusi cha ukubwa wa sabuni ya kuogea kilichounganishwa na waya wa eriali.

"Nani aliweka hii?"

"Labda baba. Ni nini?"

"Ni ekspanda. Sasa madam, hii ledio ni ya Japani, inafikanga tisini basi. Vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Mzee wako aliweka hii ili ivishushe, vikae mahali ledio inaweza kufika. Inatoa kumi na mbili. Wewe ukiona themanini na nane hapa, hiyo si themanini na nane. Ni mia moja."

"Lakini imeandika themanini na nane."

Fundi akavua miwani yake, akaonyesha saa yangu ya mkononi. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi.

"Hiyo imeandika ngapi?"

"Kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nani alikufundisha kutoa sita?"

Nilitazama saa, kisha kioo cha redio. Na la kuudhi zaidi ni kwamba nilijua. Miaka yote baba alipokuwa hai tulisikia mtangazaji akitaja namba ya kituo chake, mia moja na kitu, huku kioo chetu kikionyesha themanini na kitu, na hakuna aliyeuliza. Tulijua tu vituo viko wapi kwa kuzungusha, tukazoea mpaka hatukuona tena. Kisha kikaja kijidude kigeni na karatasi yake, nikakiamini kioo.

Fundi aliweka mia moja nukta moja kwenye modyuleta na kuiacha redio pale ilipokuwa. Jogoo akawika kutoka spika zote nne. Fundi akasikiliza wimbo mmoja mzima akiwa amesimama na tochi mkononi, bado inawaka mchana. "Hawa walikuwa wanajua," alisema.

Mama alitoka akiwa mwepesi kidogo, miguu imepungua, uso wa kijivu. Nikamfunga mkanda. Sikumwambia kitu kwa sababu niliogopa kikikataa tena mbele yake, sitakuwa na uso wa kumtazama. Tulipovuka msongamano wa mjini na barabara ikatulia, nikabonyeza.

Kwanza hakusogea. Kisha, "Hiyo jogoo," alisema.

"Unaikumbuka?"

"Tuliikula siku hiyo hiyo. Tulichinjia yule mtu wa kurekodi. Nilimpa firigisi mimi mwenyewe, kwa sababu alisema sauti yangu ni mzuri. Baba yako akanuna siku mbili."

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mgeni akipewa, mwenye nyumba ndiye ampe kwa mkono wake. Nilimwambia nisingeshangaa kama baba angenuna juma zima. Mama akacheka, kicheko kifupi kilichomkatisha pumzi, cha kwanza baada ya muda mrefu.

Ukaja wimbo alioutunga yeye, wa mwanamke aliyechelewa kanisani. Wenzake wanamuuliza kwa pamoja, umechelewa wapi, mama, na yeye anajibu kwa visingizio, mara kuku wametoroka, mara kuni mbichi, mara mtoto amelala juu ya leso yake. Mama akanyoosha kidole kwenye spika. "Huyu wa sauti ya chini ni mke wa mwalimu. Alienda. Wa kayamba alienda mwaka wa mahindi kukauka. Huyu anakohoa, alienda kabla ya baba yako." Akahesabu mpaka wakabaki wawili, yeye na mmoja aliyeolewa Navakholo, ambaye siku hizi haoni. Kisha akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nyembamba, nikazima feni ili niisikie. Hakuimba sehemu yake. Aliimba pamoja na wale wengine, akimuuliza yule mama wa zamani amechelewa wapi, na yule akimjibu kwa nguvu zake zote.

Wimbo ulipoisha akaegemea kiti.

"Ile Alhamisi nilikataa," alisema, "nilikuona ukishusha pumzi."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Ningeweza kukana. Nilikuwa na maneno ya kukana, niliyatengeneza tangu siku ile.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nisamehe."

"Hata mimi nilishusha. Tulishusha wote wawili." Akajirekebisha kitambaa. "Rudisha ule wa jogoo."

Nikaurudisha wimbo. Tulifika nyumbani umepigwa mara tatu. Hakusema kama ilikuwa safari ya mwisho au la, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi niliamka bado nimechoka, sare bado hazijaisha, kaka ameshaandika habari ya maji. Nilikuwa nikitafuta ufunguo wakati niliposikia mlango wa gari ukifungwa. Mama alikuwa ameshaingia, mkoba mapajani, mkanda umefungwa. Nikakaa, nikawasha. Mwanamke wa Kijapani akasema yake yote mpaka mwisho.

"Mulembe, mama," mama akamwitikia. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, kukhu, shusha pumzi. Twende."